Mawe Yetu, Saruji ya Serikali: Majibu kwa Wasomaji wa Kigoma

Mvua zikikatika, barua za barabara huanza kumiminika. Safari hii nyingi zimetoka vijiji vya Kigoma, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: wananchi wameanza, serikali itaongezea vipi? Tumechagua saba.

Kivuko kimesombwa, mawe tunayo. Tubishe hodi wapi?

*Shikamooni wataalamu. Kivuko chetu cha magogo, kinachounganisha vitongoji viwili, kilisombwa na maji Aprili. Tumeshasomba mawe na mkutano wa kijiji umechanga shilingi milioni 1.8. Tunasikia serikali huongezea pale wananchi walipoanza. Ofisi gani inahusika? – Mjumbe wa halmashauri ya kijiji, Kasulu*

Marahaba. Hodi ya kwanza si ya kuomba fedha. Nendeni ofisi ya wilaya ya TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, mkaulize kama barabara hiyo imo kwenye orodha ya barabara za wilaya, na kama imo, kwa jina gani na namba gani. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inazigawa barabara zetu: kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, yaani Wakala wa Barabara Tanzania, na za wilaya, yaani za mkusanyo, za mlisho na za jamii, zimekuwa chini ya TARURA tangu Julai 2017. Njia iliyozaliwa na miguu ya watu na baiskeli za mawese, hata kama leo inapitisha fuso kila siku ya soko, isipokuwa kwenye orodha fedha za Mfuko wa Barabara haziigusi. Hapa ndipo vijiji vingi hupigwa danadana mwaka mzima. Wanaandika barua nzuri ya kuomba daraja, kumbe ilitakiwa kwanza barua ya kuomba barabara itambuliwe.

Sasa fedha. Hakuna sheria hapa kwetu inayosema kijiji kikitoa shilingi moja serikali itaweka nyingine juu yake. Kinachofanyika ni makubaliano ya kazi kwa kazi, na mifuko ya kuchungulia ni mitatu.

Wa kwanza ni wa TARURA yenyewe, inayopata sehemu ya tozo ya mafuta inayoingia Mfuko wa Barabara. Mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara hizi za chini. Lakini sheria inataka angalau asilimia 90 ya Mfuko wa Barabara iende kwenye matengenezo na dharura, na miradi mipya igombanie kinachobaki. Kwa hiyo iiteni kazi yenu kwa jina lake: kurejesha kivuko kilichosombwa. Tajeni tarehe kilipoondoka na muambatishe picha. Mkiandika "tunaomba ujenzi wa daraja jipya", mmejipanga wenyewe kwenye foleni ndefu.

Wa pili ni Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009. Kamati yake huongozwa na mbunge, na katibu ni afisa mipango wa halmashauri. Jina lina maana yake: hauchochewi moto ambao haujawashwa. Mchango wa mfuko huu mara nyingi hufika kama vifaa, yaani saruji, nondo au mabati, si kama fedha mkononi. Wa tatu ni mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo sehemu yake lazima iende kwenye miradi ya maendeleo, kwa halmashauri nyingi asilimia 40.

Kosa kubwa ni kuuomba mfuko mmoja ubebe kila kitu. Gawanyeni kazi: saruji muiombe kwa jimbo, ujira wa mafundi kwa halmashauri, mchoro na usimamizi kwa TARURA, na mawe, mchanga, maji na vibarua viandikwe kwa jina la kijiji. Kila anayeombwa aone mstari wake na mistari ya wenzake. Barua iambatane na muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji wenye orodha ya mahudhurio iliyosainiwa, makadirio yaliyopitiwa na mhandisi, na taarifa ya benki inayoonyesha ile milioni 1.8 iko kwenye akaunti ya kijiji. Fedha iliyo mfukoni mwa mweka hazina hakuna atakayeihesabu.

Na muda. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, lakini bajeti hupikwa miezi mingi kabla. Mapendekezo ya vijiji yanapaswa kuwa yamepita kwenye kamati ya maendeleo ya kata kabla mwaka haujaisha, ili baraza la madiwani liyakute mwanzoni mwa mwaka. Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila miezi mitatu. Ule wa Septemba au Oktoba ndio wa kupitishia jambo hili. Barua ya Mei inaomba makombo.

Tumesomba mawe tripu nyingi. Thamani yake inapatikanaje?

*Mhandisi alipokuja alisema mawe yetu "si mengi kama mnavyodhani", na mengine akayakataa. Watu wamevunjika moyo. – Mwenyekiti wa kitongoji, Kalinzi*

Mawe hayahesabiwi kwa tripu, kwa kuwa tripu ya huyu si tripu ya yule. Yapangeni kwenye uwanja tambarare kama sanduku, kingo zimenyooka, bila kuacha mapango katikati. Rundo la urefu wa mita 4, upana mita 3 na kimo mita 1 ni mita za ujazo 12. Mhandisi atapita na futi kamba yake, ataandika, mtasaini wote wawili. Rundo lililomwagwa tu kama chungu cha takataka hukadiriwa kwa macho, na macho ya anayelipa siku zote huona kidogo.

Mpate pia picha ya kiasi kinachotakiwa. Kwa ujenzi wa mawe na udongo wa saruji wa mfuko mmoja kwa mchanga mara nne, kila mita ya ujazo iliyokamilika hula takriban mifuko 2.5 ya saruji ya kilo 50, mchanga mita za ujazo 0.35 na mawe yaliyopangwa mita za ujazo 1.2. Tuseme mchoro wa daraja lenu dogo unaonyesha jumla ya mita za ujazo 40, kuanzia msingi hadi kuta za pembeni. Hapo ni mifuko 100 ya saruji, mchanga mita za ujazo 14, na mawe mita za ujazo 48, yaani marundo manne ya kama lile tulilolitaja. Mkishajua hivyo, mnaweza kusema kwa kinywa kipana: sisi tumeshamaliza marundo manne, ninyi leteni mifuko mia.

Kuhusu yaliyokataliwa, huenda mhandisi ana haki. Chukua nyundo, piga jiwe. Jiwe zima hutoa mlio mkali. Lililooza ndani hutoa mlio bubu, na pigo la pili hulimega. Mengine loweka kwenye ndoo usiku kucha. Likitoka linapukutika ukilikwaruza kwa kucha, likafukie shimo huko. Mawe ya mviringo ya mtoni ni magumu, lakini hayakai vizuri kwenye upinde wa daraja mpaka yapasuliwe yapate nyuso bapa. Mchanga nao upimwe: jaza mchanga nusu ya chupa inayoonyesha, ongeza maji, tikisa, iache saa kadhaa. Tabaka la tope juu ya mchanga likizidi sehemu moja ya kumi na mbili, mchanga huo uoshwe au utafutwe mwingine.

Msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya wanakijiji, nao una thamani ukiandikwa siku ileile: jina, kitongoji, tarehe, kazi iliyofanyika, saini. Kiwango cha siku moja ya kibarua kikubaliwe na halmashauri kwa maandishi kabla kazi haijaanza. Daftari linaloandikwa baada ya mwezi mzima kwa kukumbukana, mkaguzi hulijua kwa wino wake: rangi moja, mwandiko mmoja, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Daraja la mawe bila nondo litabeba lori kweli?

*– Mfanyabiashara wa mihogo, Kasulu*

Litabeba, tena Kigoma ni mahali pabaya pa kuuliza swali hilo kwa wasiwasi, maana madaraja ya upinde wa mawe yamejengwa kwa wingi mkoani humu na TARURA, kwa kuanzia yakisaidiwa na shirika la maendeleo la Ubelgiji, Enabel. Siri iko kwenye umbo. Nondo huwekwa mahali ambapo zege linavutwa. Kwenye upinde hakuna kinachovutwa. Kila jiwe linamsukuma mwenzake, msukumo unashuka pande zote mbili hadi kwenye msingi, na uzito wa lori unazidi kuyabana mawe yashikane.

Kwa hiyo upinde hauuawi na uzito wa lori. Unauawa na msingi kusogea. Chimbeni hadi mwamba au ardhi ngumu kabisa. Pasipo mwamba, msingi ushuke angalau mita moja chini ya sakafu ya mto. Upande wa chini, maji yanakotoka baada ya kupita darajani, tandazeni sakafu ya mawe, kwa sababu maji yanayotoka kwenye upinde yana kasi na huchimba shimo ambalo mwaka wa pili au wa tatu hulifikia tumbo la msingi.

Juu ya msingi husimamishwa kiunzi cha milunda na mbao chenye umbo la upinde, na chini ya kila mlunda mnapigwa kabari za mbao. Mafundi waanze kupanga mawe pande zote mbili kwa pamoja, wakienda sawa, mstari kwa mstari, hadi wakutane juu kwenye jiwe la kufungia. Fundi wa kushoto akimwacha wa kulia mistari mitatu nyuma, kiunzi hulala upande. Kosa hilohilo hurudi wakati wa kujaza moramu, yaani udongo wa changarawe: tipa inamwaga yote upande mmoja kwa kuwa ndiko iliko barabara nzuri, na upinde unatumbuka upande wa pili. Moramu ijazwe kwa matabaka ya sentimita 15 hadi 20, kushoto na kulia, ikishindiliwa kila mara.

Mawe yafunikwe kwa magunia na kumwagiwa maji kwa siku 7 au zaidi. Watu husahau hili jua la Juni linapowaka. Kiunzi kikae siku 14 hadi 21, kisha kabari zilegezwe kidogo kidogo, zote kwa zamu. Anayeng'oa mlunda mmoja mzima ili akapikie anahatarisha kazi yote.

Kalavati limeng'oka mara ya tatu

*Kila baada ya mvua kubwa tunalirudisha, nalo linaondoka. Ni bomba moja la sentimita 60. – Mkulima, Kibondo*

Tunakisia sababu tatu, na yawezekana mnazo zote. Bomba la sentimita 60 huziba upesi kwa majani ya migomba na magogo, wala mtu mzima haingii kulisafisha. Mahali penye takataka nyingi wekeni la sentimita 90. Pili, pande zote mbili hakuna kuta za mawe. Maji yasiyoelekezwa huanza kupenya pembeni ya bomba, yanabeba udongo punje kwa punje, na siku moja barabara inaelea. Ukuta wa kuingilia ndio mlango. Bila mlango maji hutoboa ukuta wa nyumba. Tatu ni mteremko: bomba liwe na mteremko wa sentimita 3 kwa kila mita. Lililolazwa sawasawa hujaa mchanga, na lililoinama sana huchimba shimo linakotokea.

Pimeni pia udongo ulio juu yake. Kwa bomba la sentimita 60, kina cha moramu iliyoshindiliwa juu ya mgongo wake kisipungue sentimita 60. Mkiona bomba limechungulia barabarani, tairi la lori ndilo litakalolimaliza kabla ya mvua. Kama hamuwezi kuinua barabara ipate kina hicho, bomba si suluhisho la mahali hapo. Fikirieni upinde mdogo au kivuko cha mawe kinachokubali maji kupita juu. Barabara ya upana wa mita 5 huhitaji pete, yaani vipande vya bomba, 6 au 7 za urefu wa mita moja. Kuweka 5 ili kubana matumizi ni kuifupisha barabara: ukingo utabomoka na bodaboda wa usiku ndiye atakayegundua.

Greda lilipita Oktoba, Desemba barabara imekufa

*– Dereva, Uvinza*

Mkaguzi wa kwanza ni kamba na pima maji. Fungeni kamba katikati ya barabara, ivuteni hadi ukingoni ikiwa sawa, mpime inaachana na ardhi kiasi gani. Kwa upana wa mita 5, ukingo unatakiwa kuwa chini ya katikati kwa sentimita 12 hadi 15. Mkikuta sentimita 4, greda lilikwangua tu. Lilichukua nyasi na udongo laini kutoka kwenye mtaro, likautandaza juu bila maji wala kushindilia. Barabara ya namna hiyo hupendeza wiki mbili.

Kisha tembeeni kwenye mitaro. Kila mita 20 hadi 50, ardhi inaporuhusu, patoke mtaro wa kuchepusha maji kuyapeleka shambani au porini. Hapa ugomvi huwa si wa kitaalamu, ni wa mwenye shamba asiyetaka maji. Muafaka wake utafutwe kwenye mkutano wa kitongoji kabla greda halijaja, na maji yaelekezwe penye nyasi, si kwenye mihogo michanga. Mtaro ukichimbika kwa kasi ya maji, wekeni vizuizi vidogo vya mawe au vijiti: mteremko wa asilimia 5, kila mita 20; wa asilimia 8, kila mita 8; wa asilimia 10, kila mita 6. Chini ya asilimia 5 havihitajiki, na mkiviweka vitakusanya tope bure. Kizuizi kiwe kimeshuka katikati. Kikiwa tambarare, maji yatazunguka pembeni yakaanza kula barabara yenyewe.

Kama mnaomba moramu, jueni ukubwa wa ombi. Kilomita moja, upana mita 5, unene sentimita 15 baada ya kushindiliwa, ni mita za ujazo 750. Ikiwa bado imelegea huwa karibu 975, na kwa fuso la mita za ujazo 7 ni tripu 140. Ndiyo maana ofisi nyingi hujibu kwa kuziba sehemu korofi tu, na mara nyingi huo ni uamuzi wa busara: mita 150 za mlima unaoteleza ndizo zinazofunga barabara nzima ya kilomita 8.

Marekani wanachangiana vipi?

*Ndugu yangu aliyeko huko anasema kijiji hulipa nusu na serikali nusu. – Mwalimu, Ujiji*

Inategemea barabara. Kwa barabara zinazosaidiwa na serikali kuu ya huko, kiwango cha kawaida ni asilimia 80 kutoka juu na 20 kutoka jimbo au mji. Kwa zile kubwa zinazounganisha majimbo, ziitwazo Interstate, ni 90 kwa 10. Majimbo nayo yana mipango yake. Wisconsin, kwa mfano, tangu 1991 ina mpango unaorudisha hadi asilimia 50 ya gharama kwa miji na kaunti zinazokarabati barabara zilizochakaa. Angalia neno "unaorudisha": mji hulipa kwanza, kisha hudai kwa risiti. Mji usio na akiba unaweza kuikosa nusu ya bure kwa kushindwa kutanguliza nusu yake. Sheria ya miundombinu ya mwaka 2021 ililiona tatizo la namna hiyo, ikaruhusu madaraja yanayomilikiwa na serikali za mitaa, yaliyo nje ya mtandao wa barabara zinazosaidiwa, yalipiwe asilimia 100. Faida ya utaratibu wetu ni kwamba mawe na jasho hukubaliwa mahali pa fedha. Hasara yake ni kwamba hakuna asilimia iliyoandikwa popote ambayo kijiji kinaweza kuidai.

Nisipochanga watanifanya nini?

*Mgambo walichukua kuku wangu. – Mama, Kakonko*

Pole mama. Mchango wa lazima lazima uwe na sheria ndogo ya kijiji iliyopita kwenye mkutano mkuu na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Omba kuiona kwa Mtendaji wa Kijiji. Ni karatasi yenye muhuri, si maneno. Kama haipo, kuku arudi, na malalamiko yaende kwa Mtendaji wa Kata kwa maandishi, nakala kwa Mkurugenzi. Kama ipo, soma nani amesamehewa, kwani vijiji vingi huwatoa wazee, wagonjwa na wenye ulemavu. Ukitoa fedha dai stakabadhi, na ukifanya kazi badala ya fedha hakikisha jina lako limeingia kwenye daftari la siku hiyo kabla hujaondoka na jembe lako.